Kilima Alikobaki Gasaro

Sogeeni, wanangu. Ganza, keti hapa upande wa dirisha, na wewe Mutoni nishike mkono huu ambao bado una nguvu, maana sauti inanikimbia na sitaki mmoja wenu aseme kesho kwamba hakusikia.

Kampuni hii ya ujenzi tuliianza wawili, mimi na mjomba wenu Christophe-Aimé, tuliporudi kutoka Bukavu tulikokulia. Tulipopata kazi ya kujenga bweni la shule hapa Kamembe, mimi nilitaka matofali yanayochomwa kwa maganda ya kahawa, yeye akataka ya kuni, ya kile kilima cha njia ya Ruhwa, kwa kuwa yalikuwa rahisi na aliyetupa kazi alitazama bei tu. Nikamwambia, "Kaka, miti ile ndiyo inayoshika udongo." Akanicheka: "Dada, batu bote banachoma pale, sisi peke yetu tulale njaa?" Tukaachana kwa hasira, akaichukua kazi ile mwenyewe, na mkewe Gasaro akawa msimamizi wa tanuri, yule mwanamke mrefu aliyeanza kucheka kabla hujamaliza mzaha.

Mvua za Aprili ziliukuta mteremko uchi. Uliporomoka mchana, watu wakiwa wanapanga matofali. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono, wengine tukawapata. Gasaro hatujampata mpaka leo.

Kisha wakaja watu nisiowajua, wakafukua matofali yaliyokwisha kuiva, wakayaosha na kuyauza mjini, yakajenga nyumba ambamo watoto wa watu wanalala. Tangu hapo nikipita Kamembe siweki kiganja ukutani, kwa maana sijui ni ukuta upi. Na mvua ikianza, nasikia matofali yakipangwa kule kilimani, moja juu ya jingine, taratibu, kama kazi ya mtu asiye na haraka. Mlikuwa mkiniambia, "Maman, ni bati hilo." Haya, ni bati. Lakini mjomba wenu alivuka mpaka akarudi Bukavu, na kila anapojaribu kuja kutuona hugeuka kwenye daraja la mpakani, kwa sababu, aliniambia kwenye simu akilia, Gasaro husimama upande wetu, nywele zimemjaa udongo, akimuuliza kama yale matofali yametosha.

Anadhani namlaumu. Mwambieni dada yake amekwisha kulia naye zamani. Nendeni mkamchukue, mmoja amshike mkono huku, mwingine huku, avuke akiwa katikati yenu.

Kile kilima nilikinunua na kukipanda mianzi na miti, si kwa ajili ya kuuza. Ni kaburi. Nawaachia wote wawili, na asiwepo wa kukigawa. Nyumba hii ni ya Mutoni. Mashine na magari ni ya Ganza. Lakini kununua vifaa, Ganza mwanangu usinune, nampa dada yako: mchanga usichotwe chini ya mashamba ya watu, mbao zitoke kwa anayepanda anapokata, na kila tofali mjue limechomwa kwa kitu gani na mikono iliyolibeba imerudi nyumbani jioni.

Sasa, Ganza, usinifiche. Mwenye hoteli inayojengwa ufukweni mwa ziwa anataka matofali ya bei ya chini, nawe umemwambia tuna kilima. Niliwasikia wenye misumeno wakizungumza nawe uani.

"Maman, tukikataa, kazi inaenda kwa muntu mwingine. Na vijana wetu wa shantie, wenye kungojea kazi hii ya ujenzi, nitawaambia nini?"

Waambie mama yako hataki kuwachimbua. Ndiyo, watakununia, na mtarudi kujenga vyoo na kuta za uani, najua, nimeyaishi hayo. Mpigie. Mpigie huyo wa hoteli hapa hapa nikusikie.

...

Umesema vizuri, mwanangu. Amejibuje? Atatafuta mwingine... Atampata, wapo wengi. Lakini hapo hatachimba.

Usilie, Mutoni, nipe maji. Kidogo tu. Inatosha.

Jeneza langu... sikilizeni, hili ni la mwisho. Mtakapokwenda kwa seremala, muulizeni mbao zimetoka wapi. Akinyamaza, msibishane naye, nendeni kwa mwingine. Na kaburi msilijengee. Udongo mtupu, na majani.

Leteni vichwa vyenu hapa. Mungu aliyetutoa ugenini awape kazi, Ganza, na awape... awape usingizi ndani ya nyumba mlizojenga. Watoto wenu waegemee kuta bila kuogopa. Msiachane. Mutoni, yeye ni mkali, mvumilie. Ganza...

Nilitaka kusema nini? Basi. Mkono wako una joto. Uache hapo hapo.