Kikopo Chini ya Benchi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu, tena mguu wake mmoja ni matofali matatu, kati ya kibanda cha fundi viatu na jiko la Shangazi muuza kahawa. Lakini lina katiba, bwana wee! Anayeinuka kabla birika halijaisha, huyo ndiye mada mpaka tone la mwisho. Watu wamesemwa hapa hata kona hawajaikata. Ndiyo maana asubuhi ile Soli, fundi viatu mwenyewe, alikaa kama aliyekalia misumari, jicho lote kwenye saa ya ukutani ya duka la mbele. Saa nne na nusu. Mapokezi ya maabara yalifungwa saa sita. Na chini ya benchi, katikati ya miguu yake, kulikuwa na mfuko mweusi wenye kikopo alichokabidhiwa na mkewe mapema kwa maneno manne tu: "Tafadhali, kifike mapema leo."

— Soli, leo umekuwaje? alisema Waya, fundi umeme ambaye tangu umeme wa mtaa urekebishwe hana kazi ila mdomo. Unatikisa benchi, kahawa yangu yote iko kwenye suruali.

— Sina neno.

— Huna neno na mguu unapiga ngoma? Au umeleta kitafunwa unatunyima?

Kabla Soli hajajibu, Waya alishainama, akauvuta mfuko, akatoa kikopo cha plastiki chenye mfuniko mwekundu. Akakiinua juani.

— Aa! Siagi ya karanga!

— Usifungue! Soli alipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. Ni choo.

— Choo?

— Cha binti yangu. Cha kupimwa hospitali.

Waya alikirudisha mfukoni kwa ncha za vidole viwili, kisha vidole hivyo akavifuta kwenye mgongo wa koti la Risiti. Risiti ni karani mstaafu. Haamini hata kwamba jua limechomoza mpaka aone karatasi yenye muhuri.

— Wapime nini humo? aliuliza Risiti. Choo ni choo.

Soli hakutaka kusema, lakini akasema. Mtoto ana miaka tisa. Mwezi wa tano sasa tumbo linamsokota, anaharisha, siku nyingine choo kina damu. Shule amekwenda siku za kuhesabu. Daktari anahisi utumbo umevimba na kuchubuka kwa ndani.

— Kasema tuanze na choo, damu na altrasaundi, maana hivyo havimtesi mtoto. Utumbo ukiwa na uvimbe kuna alama inatoka na choo, nao wanaipima. Ikiwa ndogo, huenda asihitaji kuingizwa kamera. Ikiwa kubwa, basi, itabidi achomwe nusu kaputi, kamera iingie wahakikishe.

Jambo moja hakulisema. Yeye ni fundi viatu. Mguu wa mtu anaupima kwa kuutupia jicho. Na viatu alivyomshonea binti yake mwaka jana, akamwachia nafasi ya kidole kizima mbele ili akue, bado vilikuwa na nafasi ileile. Kila jioni alivibonyeza kwa kidole gumba, akavirudisha mlangoni kimya kimya. Alikuwa anaogopa, jamani. Alikuwa anaogopa sana.

— Haiwezekani, alisema Risiti. Nimekaa ofisini miaka thelathini na moja. Takataka hazisemi kilichofanyika ndani ya ofisi.

— Hazisemi? alidakia Shangazi huku akipepea jiko. Na ile barua yako kwa yule mpiga chapa, mkeo aliiokota wapi? Si kwenye ndoo ya takataka?

Benchi likacheka. Risiti akanywa kahawa ambayo haikuwemo kikombeni.

— Mimi nitawaambia, alisema Waya. Utumbo ni kama waya. Hitilafu ikiwa ndani ya ukuta, hukai nje unanusa moshi. Unavunja! Si walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta? Sasa hawa madaktari wanauogopa ukuta.

— Methali hiyo umeishika mkia, alisema Shangazi. Huyo ni mtoto, si ukuta. Kama kuna njia ya kumchungulia bila kumvunja, kwa nini avunjwe?

— Tena wahenga kuhusu choo walishasema, Risiti aliongeza kwa sauti ya mkutano. Usione vyaelea, vimeundwa.

— Toba! Nusura Shangazi aangushe birika.

Soli hakucheka. Saa tano kasoro kumi. Aliinuka nusu.

— Birika bado! waliitikia wote kwa mpigo.

Akakaa. Na aibu yake ni kwamba alipokaa, moyo ulitulia.

— Mnachezea mashine nyinyi, alisema Waya. Siku hizi choo kinaingia upande huu, upande wa pili inatoka picha ya mtoto mzima. Na nguo alizovaa.

— Picha ni jambo dogo, alisema Risiti, sasa naye amepata moto. Inasoma ukoo! Vizazi saba. Watamkuta babu yako humo, Soli, na mambo yake yote. Watajua hata nani alimla jogoo wa Shangazi mwaka ule wa mafuriko.

Waya aliacha kutabasamu.

— Kama ni hivyo, kisipelekwe, alisema.

— Kumbe ni wewe! Shangazi alimnyooshea pepeo.

— Sijasema ni mimi. Nasema siri za watu zisipekuliwe. Soli, nisikilize ndugu yangu. Mtoto mpe maji ya kutosha, umpumzishe, litapita. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Hiyo nayo ina maana gani hapa? aliuliza Shangazi.

— Maana yake akae kimya!

Wakaanza kufoka wote watatu, jogoo huku, vizazi saba kule. Soli aliona mshale wa saa ukipita saa tano na robo. Angeweza kuondoka. Kusemwa si kufa. Ukweli ni kwamba birika lilikuwa kisingizio, na yeye alilijua hilo. Kikopo cha wiki iliyopita, chenye mfuniko mwekundu vilevile, kilikuwa kwenye shimo la taka nyuma ya kibanda. Nyumbani alisema hospitali haijajibu, ndipo mkewe akatayarisha kingine. Maana kisipopimwa hakuna wa kumwambia lolote, na mtoto ambaye hakuna aliyesema lolote juu yake, huyo bado ni mzima. Ndivyo alivyojidanganya, siku baada ya siku.

— Shikamooni.

Waligeuka wote. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya benchi, mkono mmoja tumboni, mguuni viatu vya mwaka jana. Kutoka nyumbani si mbali, lakini alikuwa anahema.

— Marahaba mwanangu, alisema Shangazi. Umekuja peke yako?

— Mama anafua. Akamgeukia Soli. Baba, kile cha wiki iliyopita walisemaje?

Risiti, mwenye miaka thelathini na moja ya majibu, alitazama ndani ya kikombe. Waya alijikuna kidole. Shangazi aliacha kupepea.

— Baba?

— Sikukipeleka, mama, alisema Soli. Nilikitupa. Niliogopa watakachosema.



— Na mimi naogopa, alisema mtoto. Lakini si nimekitoa?

Risiti alikohoa, akainua kidole. — Mficha mara...

— Funga mdomo! alisema Shangazi.

Alilishika birika kwa kitambaa. Lilikuwa zito bado. Kwa uchache lilikuwa na vikombe kumi. Akaligeuza juu chini pale pale, kahawa yote ikamwagika mchangani, mvuke ukapanda mpaka kwenye nyuso zao. Akalitikisa waone.

— Limekwisha, alisema. Soli, nenda. Na hapa leo hakuna atakayekusema.

Waya akainama mwenyewe, akautoa mfuko chini ya benchi, safari hii kwa mikono miwili, akampa Soli. Lakini mkono wa mtoto ulitangulia.

— Nipe nibebe mimi, alisema. Wewe utakitupa tena.

Soli hakubisha. Alimwachia mfuko, akamshika ule mkono mwingine. Saa ya dukani ilionyesha saa tano na nusu. Wakaanza kutembea upesi, kwa kadiri tumbo la mtoto lilivyowaruhusu.