Mama Kipimo na Namba Aliyoikata

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto ukae. Leo namkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimtukana. Na mimi nilimtukana, kwa kipaza sauti hiki hiki, kwa hiyo tusinyoosheane vidole.

Tulimwita Mama Kipimo. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na saba. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifanya kazi moja bandarini: kusoma ubao wa kina cha maji uliopigiliwa kwenye nguzo ya gati. Kila saa anatoka ofisini na daftari, anainama, anasoma, anaandika. Bintiye kaniambia, "Mama hata chai aliipima kwa jicho. Ukimzidishia, anakurudishia kikombe."

Sasa sikilizeni kanuni ya ofisi yao, maana ndiyo iliyoleta balaa. Namba uliyosoma ikipishana na jedwali la maji, lile lililochapishwa kukadiria maji kujaa na kupwa, kwa zaidi ya nusu mita, basi umekosea wewe. Unaikata kwa mstari, unaandika ya jedwali. Ndivyo walivyofundishana miaka nenda miaka rudi.

Asubuhi ya ile ajali ya meli mnayoijua wote, bahari haikuwa ile ya kila siku. Mwezi ulikuwa karibu na dunia kuliko siku zote za mwaka ule, na maji yalikuwa ya bamvua kubwa, yale yanayojaa kupita kiasi. Upepo wa siku tatu ulikuwa umeyasukuma ndani ya ghuba. Na mto nao ulikuwa umefurika. Mambo matatu, siku moja. Mama Kipimo alisoma ubao akaona maji yamepita jedwali kwa mita nzima na ushee. Akafuta miwani. Akasoma tena. Akaikata ile namba, akaandika ya jedwali.

Punde nahodha akauliza kwa redio ya melini: maji vipi? Nahodha huyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja. "Kama jedwali," akamjibu. "Nenda salama, mdogo wangu."

Maji yalipoanza kupwa, yote yale yalitaka kutoka kwa mpigo, kupitia mlango mwembamba kati ya miamba. Meli ilikuwa humo humo, maana nahodha aliamini ni maji ya kawaida. Mkondo uliibeba ubavu ubavu ukaipigiza mwambani. Ikainuliwa, ikapigizwa tena. Mara ya tatu ikachanika. Magari ya sitaha ya chini yalikata minyororo yakawaponda watu ukutani. Waliojirusha majini walisagwa kwenye mwamba. Watu mia mbili na kumi na moja. Narudia: mia mbili na kumi na moja, kabla jua halijafika utosini.

Nahodha aliokolewa. Waliofiwa walivunja mlango wake kwa mawe, wakamburuta barabarani mbele ya mkewe, wakampiga kwa mbao hadi sikio la kushoto likafa. Nami redioni nikasema anastahili. Mahakamani, daftari la dada yake lilionyesha maji ya kawaida, kama jedwali. Dada mwenyewe alisimama akaisoma ile namba kwa sauti. Nahodha akafungwa miaka kumi na tano kwa uzembe.

Mtaniuliza, huyu mama aliisahau namba aliyoikata? Bintiye anasema hapana. "Mama aliamini kabisa kwamba jicho lake ndilo lililokosea. Ndivyo walivyomlea kazini."

Mwaka wa tano wa kifungo, mtaalamu wa bahari alikuja kuchunguza madaftari ya zamani. Akaiona namba chini ya mstari. Akapiga hesabu za mwezi, za upepo, za mto. Akamwambia, "Siwezi kuapa kwamba ni bahari peke yake. Lakini mkondo ule ungemzidi nahodha yeyote. Mama, ulisoma sawasawa." Mama Kipimo akainuka mezani, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wake.

Mkuu wake alimsihi aachane nayo, kwani alibakiza miaka miwili tu astaafu. "Yule ni ndugu yangu, mkuu," akasema. Akaficha daftari chini ya gauni, akaenda nalo mahakamani. Alipomaliza kukiri, mama mmoja aliyepoteza mabinti wawili alivua kiatu akampiga nacho usoni, mara mbili, damu ikatoka. Mama Kipimo hakuinua mkono kujikinga. Kazi ikaishia siku hiyo, nasi tukamgeuzia yeye matusi. Nahodha akaachiwa.

Lakini hakukanyaga nyumbani kwa dada yake. Dada akimpelekea chakula, anakila, anaosha vyombo, anavirudisha bila salamu. Miaka kumi na tisa.

Jana nilimkuta nahodha msibani, ameketi kwenye kitanda cha marehemu. Nikakaa upande wa sikio linalosikia. Nikamuuliza, "Mzee wangu, ulimsamehe?"

"Nilimsamehe siku ile ile, alipopigwa kiatu," akasema. "Nikaona nimkomoe kidogo kwanza, halafu nitakwenda kumwambia."

Nikampa pole.

"Dada amekufa anajua namchukia," akasema.

Kwa nahodha, kwa binti wa marehemu, na kwa kila nyumba iliyofiwa asubuhi ile, poleni sana, nasema kwa moyo wangu wote. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu unamkomoa kidogo kwanza, unamjua. Naacha dakika moja ya kimya hapa hewani. Usiisikilize. Itumie kumpigia simu.