Vichwa Juu ya Ukuta

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hapa kwenye mkeka. Wewe wa mlangoni, acha kutafuna. Maneno haya hayataki kelele. Palikuwa na kijiwe nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu. Benchi moja refu, mguu wake mmoja umefungwa waya, na mbele yake ukuta uliompita mtu kimo. Aliyekaa pale haoni uwanja. Anaona pete na ubao wake, basi, na kichwa cha mchezaji akiruka. Jioni moja, mazoezi yakiendelea upande wa pili, pembeni mwa benchi alikaa Nguzo, goti lake la kulia kalinyoosha kama kitu cha kuazima. Alikuwa fundi milango, na miaka na miaka ndiye aliyesimama chini ya kikapu cha timu ya mtaa. Tangu goti livimbe alikuwa hajaingia uwanjani. Aliona haya kuonekana anachechemea. Sasa kocha alitaka jibu jioni hiyohiyo: atacheza msimu mwingine, au atampisha chipukizi aliyekuja juzi? Mkewe alishasema, "Baba watoto, goti hilo likifa, randa utaisukuma na nini?" Kuacha alikuwa radhi. Alichoogopa ni kuacha pengo.

— Chipukizi gani huyo! alisema Redio, kinyozi asiyenyamaza hata akiwa na wembe kooni mwako. Kila siku natazama vichwa juu ya ukuta. Chake sijakiona.

— Utakionaje? alijibu Babu Rula, mshona suti, mpima watu kwa macho. Yule nimemwona akipita njiani. Miguu mirefu, kiwiliwili kifupi. Mtu wa hivyo akiruka, miguu inaondoka, mwili unabaki.

— Inaondoka inakwenda wapi, Babu? aliuliza Redio.

— Inatangulia! Mwenda pole hajikwai.

— Sasa methali hiyo inahusu nini?

— Inahusu miguu.

Mama Birika, mwuza kahawa, alicheka hadi akamwaga.

— Wachezaji wakubwa walikuwa zamani, alisema Redio. Kontena akiruka, njiwa wanahama ubaoni. Na Mlima je? Alikuwa akipanda, anakaa kulekule juu, refa anamsubiri ashuke mchezo uendelee.

— Nilicheza naye, alisema Nguzo. Mlima hakuwa anaruka hivyo.

— Wewe ulikuwa humo ndani, ungeonaje? Sisi tulikuwa hapa!

Nguzo akachukua kikombe chake cha kahawa. Utabishana na nani?

— Tena nasikia, Redio akapunguza sauti, mtoto huyu ana mifupa ya chuma. Alilala kitandani kwa shangazi yake, chaga zote zikakatika.

— Ndiyo maana! alidakia Babu Rula. Ardhi inamvuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu kainama, kabaki hukohuko.

Kahawa ikamwia Nguzo chungu kuliko ilivyo. Akalitazama goti. Akaiona timu bila mtu chini ya kikapu, na watoto wa watu wakipigwa vikumbo.

— Basi, alisema. Nitamwambia kocha nacheza.

— Hapo sasa! Benchi lote likapiga makofi. Mama Birika peke yake hakupiga.

Hapo akatokea mama mmoja, kapu begani, jasho usoni.

— Hamjambo hapo? Nimemletea mtoto wa kaka yangu viatu vyake, kavisahau. Mlango wa uwanja uko wapi?

Redio akamtazama Babu Rula. Babu Rula akautazama ukuta, akaupima kwa macho toka huku hadi kule.

— Mlango... alisema. Upo. Uwanja hauwezi kukosa mlango.

— Upande gani, baba?

Kimya. Redio mzima, kimya!

Nguzo akawatazama hawa waliotaka kumwamulia goti lake. Akainuka, mkono kiunoni.

— Twende, dada. Naujua.

Ndani, mpira uligonga pete. Watatu wakaruka, vichwa vikapita ukuta. Huko nje Redio bila shaka aliviona. Chipukizi, pekupeku, hakuruka. Alishaikita miguu yake mahali, alishawasukuma kwa mgongo taratibu, kama mtu afungaye mlango bila kuubamiza. Mpira ukamdondokea mikononi. Ukarushwa tena, ikawa vilevile. Vichwa vile vya juu ya ukuta, wajukuu zangu, vilikuwa vya walioukosa mpira.

Nguzo akashusha pumzi ndefu, hata shangazi akageuka.

— Unaumwa, kaka?

— Nimepona, dada yangu. Akamwita kocha, akamwambia: Mpeni kijana nafasi. Mimi nimeshafika.

Basi chipukizi alirithi jezi ya Nguzo, ikambana mabegani hadi Babu Rula akaongeza kitambaa. Mke alirithi mume wa jioni, na goti likarithi maji ya moto. Pembe ya benchi aliirithi shangazi, aliyekataa kusikia habari za chaga. Na Redio? Redio alirithi ukuta. Mpaka leo anatazama vichwa.