Viumbe wa Asia na Mwalimu Aliyewatafutia Kazi

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wetu wa Shule Mwalimu Robert, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi mliofunga maduka Jumamosi mchana, jambo ambalo sisi watoto wenu tunajua uzito wake, wanafunzi wenzangu, na wewe, Mwalimu Clotilda, ambaye kwa ajili yako viti hivi vimepangwa: shikamooni.

Naitwa Husna Mbaruku, wa kidato cha tatu. Nimepewa nafasi ya kusema neno la kumuaga Mwalimu Clotilda kwa niaba ya vilabu vyote vya shule. Klabu ya mdahalo, ya mazingira na ya mpira wa pete zimeomba zitajwe, na sasa nimezitaja. Muda uliobaki nitautumia kwa klabu moja, kwa sababu ndiyo inayofungwa leo.

Haifungwi kwa ugomvi. Kanuni ya shule yetu inasema kwamba klabu isiyo na mlezi, awe mwalimu au mzazi, haipewi chumba. Mlezi wetu alikuwa Mwalimu Clotilda, na Mwalimu Clotilda anastaafu. Mkuu wa Shule alinieleza hayo kwa upole mkubwa, na kuanzia Jumatatu chumba chetu kitahifadhi madawati yaliyovunjika.

Ndugu wageni waalikwa, klabu yenyewe inaitwa Klabu ya Michezo ya Kuigiza Mezani. Mmoja wetu, Bryson, ni msimulizi: anatueleza tupo wapi na nani amesimama mbele yetu. Sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake, tabibu, askari au mwizi aliyeokoka, na kila mmoja anasema mhusika wake atafanya nini. Penye shaka tunarusha dadu, nayo inaamua. Hakuna kamari. Narudia kwa faida ya wazazi: hakuna kamari.

Tunaokutana nao katika mchezo ni viumbe wa hadithi za Asia. Watu hutuuliza, kwa nini Asia? Waheshimiwa, sisi tumezaliwa Kariakoo. Birika limetoka Asia, mwavuli umetoka Asia, kandambili nilizoziacha nyumbani zimetoka Asia. Majitu tungeyaagiza kutoka wapi kwingine?

Bryson anawakusanya kutoka vitabu vya maktaba na kwa wafanyabiashara wanaorudi safari. Kutoka Japani yupo kappa, kiumbe wa mtoni mwenye kimo cha mtoto, gamba la kobe mgongoni na kisahani cha maji utosini. Maji yakimwagika, nguvu zimemwishia. Hukohuko Japani kuna vyombo vya nyumbani ambavyo vikifikisha miaka mia hupata roho na kuanza kutembea. Hivyo tuliviacha, kwa sababu bidhaa za mtaani kwetu hazijawahi kumfikisha mteja kwenye hatari hiyo. Kutoka Malesia kuna kichwa cha mwanamke kinachotoka usiku kikiburuza utumbo wake. Hicho sitakieleza, maana chakula kinakaribia kuletwa.

Kappa ndiye tuliyeanza naye. Bryson aliandaa vita kubwa. Akatusimulia kwamba maji ya bonde la Jangwani yamejaa, na katikati ya maji anainuka kiumbe wa kale, mwenye umri wa miaka mia tatu. Akanyamaza ili tuogope. Ndipo Joyceline, ambaye tangu kidato cha kwanza hatukuwa tumesikia sauti yake darasani, akasema, "Mia tatu? Shikamoo, babu," na mhusika wake akainama.

Sasa, kappa ni kiumbe mwenye adabu. Ukimwinamia, lazima naye akuinamie. Akainama, maji ya utosini yakamwagika, na vita ikaisha kabla ya kuanza. Bryson akapekua karatasi zake.

"Haya, yuko chini. Mnamuua?"

"Tumuue babu wa watu?" Joyceline akamwuliza. "We Bryson vipi? Lete maji tumjazie."

Hiyo ndiyo klabu iliyolalamikiwa katika kikao cha wazazi. Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba watoto wanaita majini ya Kichina kwenye chumba cha shule, na kwamba yeye hakumleta binti yake shule ili arudi nyumbani na kitu kinachoongea Kijapani. Mzazi huyo ni baba yangu, Mzee Mbaruku. Yupo safu ya tatu, karibu na feni. Baba, naomba uniwie radhi kwa kukutaja. Sikucheki, kwa sababu hofu ya baba kwa mwanawe si jambo la kuchekwa. Bibi yangu wa Magomeni ndiye aliyecheka. Aliniuliza, "Ya kwetu mmeyamaliza, mpaka mnaagiza ya nje?"

Baada ya kikao hicho, mwalimu wa nidhamu alitumwa kuja kuifunga klabu, ambayo wakati huo ilikuwa ikitumia chumba bila mlezi. Mwalimu wa nidhamu, ambaye pia alikuwa mwalimu wa hisabati, ni huyu tunayemuaga. Alikuja na kufuli mkononi. Tulisimama wote. Tukaanza kukusanya karatasi.

"Kaeni," alisema. "Endeleeni. Sifungi kitu ambacho sijakiona."

Waheshimiwa, tulikuwa mahali pabaya. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta, na mbele yetu alikuwepo maiti wa Kichina, yule anayeitwa jiangshi, aliyekakamaa mwili mzima na anayesogea kwa kurukaruka, mikono ameinyoosha mbele. Bryson akatukumbusha kwamba hadithi zinasema ukimwaga mchele mbele ya maiti huyo, hawezi kupita mpaka auhesabu punje kwa punje. "Kwa hiyo mwageni mchele, mkimbie," akasema.

"Mchele gani?" aliuliza Mwalimu Clotilda kutoka mlangoni.

"Mchele tu, Mwalimu."

"Hakuna mchele tu. Wa Kyela au wa Shinyanga? Na kwa nini umwage chini chakula cha watu?"

Wageni wetu huenda hamjui kwamba Mwalimu amekulia nyuma ya duka la nafaka la wazazi wake, Mtaa wa Tandamti, na kwake mchele uliomwagika ni msiba. Akavuta kiti.

"Huyo maiti anahesabu vizuri?"

"Hakosei hata punje, Mwalimu."

"Anataka mshahara?"

Bryson akaangalia karatasi. "Haijaandikwa."

"Anakula nini?"

"Anafyonza pumzi za watu."

"Basi apewe ghala lisilo na watu. Ahesabu mzigo usiku, asubuhi akalale kwenye jeneza lake. Mwambieni hivyo."

"Mwalimu, lakini huyo ni maiti!"

"Maiti anayejua hesabu. Mimi kidato cha pili ninao walio hai wasiojua. Rusha dadu."

Dadu ikakubali. Kengele ilipogonga, Mwalimu alilitia kufuli kwenye mkoba, akauliza tunakutana tena lini.

Tangu siku hiyo hatujaua kiumbe hata mmoja. Kila anayetokea anaulizwa jina lake, anakotoka, na anachoweza kufanya. Bryson alilalamika kwamba panga zetu zinaota kutu. Mwalimu akamjibu kwamba panga likiota kutu ni dalili kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri.

Bado lilibaki suala la baba. Mwalimu alimfuata dukani kwetu, Mtaa wa Kongo, na mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya katoni za chupa za chai, kama watoto wa maduka tunavyokaa.

"Mzee Mbaruku, nimekuja kuhusu majini yako."

"Yangu tena? Ya kwenu huko shuleni, Mwalimu."

Mwalimu akamsimulia habari za yule maiti, jinsi anavyoruka kwa miguu yote miwili kwa kuwa magoti hayakunjiki. Baba akaacha kufunga mzigo.

"Huyo namjua."

"Unamjua wapi, mzee wangu?"

"Guangzhou. Nyumba ninayofikia nikienda China kununua mzigo ina kizingiti kirefu namna hii, nimejikwaa nacho kila safari. Mama mwenye nyumba akaniambia kimewekwa kwa ajili ya huyo huyo. Hawezi kukunja goti, basi hawezi kuvuka. Nyie kwenye ghala lenu mmeweka kizingiti?"

"Hatujaweka."

"Sasa atazuiwa na nini asitoke na mzigo? Biashara gani hiyo?"

Kisha baba akakumbuka kwamba amekasirika, akaendelea kufunga mzigo wake. Lakini kikao kilichofuata cha wazazi hakuzungumzia majini. Alizungumzia choo.

Ndugu wageni, katika michezo hii mchezaji akiondoka, desturi ni mhusika wake afe kishujaa. Bryson alimwandalia mhusika wa Mwalimu kifo kizuri sana, juu ya mlima, penye radi. Mwalimu akakisoma chote, akasahihisha nukta mbili, akasema, "Bryson, mimi nastaafu. Sifi. Hayo ni mambo mawili." Kwa hiyo mhusika wake, mtunza ghala aitwaye Mama Mizani, tumemuaga kwa sherehe. Viumbe wote walialikwa. Kappa alipewa kiti cha mbele, na kwa usalama wake aliombwa asimwinamie mtu.

Mwalimu Clotilda, mpaka leo kappa unamwita "yule kobe", na hatudai kwamba umetufundisha habari za Asia. Ulichotufundisha ni kwamba anayetisha naye aulizwe kwanza. Wengi wetu hatuna pa kukaa kati ya mwisho wa vipindi na saa ya kufunga duka, isipokuwa katikati ya maboksi, tukiambiwa tusogee mteja apite. Wewe ulitupa meza. Joyceline leo anapatana na mazimwi mpaka yanaomba kupumzika, na wiki iliyopita alinyoosha mkono kwenye kipindi cha fizikia. Je, tulirudishe jambo hili kwenye maboksi?

Ndiyo maana naomba, mbele ya watu wote, kama ulivyotuelekeza kwamba ombi la halali halinong'onezwi: mwalimu au mzazi mmoja akubali kutulea. Si lazima ajue Kijapani. Anahitajika Jumatano baada ya vipindi, akae, asikilize, na atuulize maswali. Sijamfuata mtu pembeni, na atakayeshindwa hatutamlaumu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba radhi. Kuna mzazi amesimama safu ya tatu.

Baba, hotuba haijaisha.

Ndiyo, Baba, ni Jumatano tu. Ijumaa hatukutani.

Mheshimiwa, anauliza kama mlezi naye ni lazima awe na mhusika. Si lazima, Baba, ila Mwalimu alikuwa naye. Hapana, hutapewa mwizi. Unaweza kuwa mfanyabiashara.

Anasema mfanyabiashara anakuwa tangu alfajiri mpaka magharibi, inatosha. Anataka kuwa joka.

Mwalimu Robert, kanuni za vilabu nimezisoma zote, na hakuna mahali zinapomkataza mlezi kuwa joka. Naona umetikisa kichwa, na kwa heshima zote naomba ihesabiwe kuwa umekubali.

Mwalimu Clotilda, nenda salama ukapumzike huko Rombo unakohamia. Meza yetu imepata mtu. Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu, na zaidi kwa kumvumilia baba, ambaye sasa anaweza kukaa.