Elhanan Roitblat na Mtungi wa Safed

Ndugu waombolezaji, historia hii ya marehemu Elhanan Roitblat inasomwa na binti yake Tirtza, kwa niaba ya familia, na kuna sehemu iliyoongezwa leo asubuhi, hivyo mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 hapa Safed, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Zanvil, mtunza sinagogi, na Bi. Gitel, akasoma shule papa hapa, akaingia chuo kikuu Yerusalemu mwaka 1962, akahitimu elimu ya mambo ya kale, na kuajiriwa kuchimba na kuchunguza magofu. Tarehe 12 Juni 1969 alimwoa Bi. Penina Toledano, wakajaliwa watoto wawili, Tirtza na Gad, waliozoea kudaiwa ushahidi hata wakisema wameshanawa mikono.

Hakuzaliwa na shaka hiyo. Tarehe 9 Agosti 1976, katika pango lililo chini ya makaburi haya, alichimbua mtungi wenye ngozi zilizoandikwa Torati, na baada ya wiki mbili akatangaza redioni kuwa zina miaka elfu mbili, mji mzima ukashangilia. Miezi mitatu haikupita, mtaalamu mmoja akakiosha kitambaa kilichozifunga, akaonyesha kuwa kilishonwa kwa cherehani. Mtungi ulikuwa wa kale kweli, lakini ngozi zilikuwa maandiko chakavu ya sinagogi, maana maandiko matakatifu yakichakaa hayatupwi, huzikwa kama mtu.

Akawa kichekesho, na tangu hapo alishuku vigae vya wachuuzi, tarehe za wenzake, dawa za madaktari, na zaidi ya wote kaka yake, Rabi Pinhas, ambaye siku tatu kabla ya tangazo alifika pangoni, akautazama mtungi, akaondoka kimya.

"Alijua yule!" marehemu alikuwa akisema. "Kaniacha nitumbukie huku ananiangalia."

Kwa miaka arobaini na miwili hawakusalimiana, na keki ya asali aliyoletewa na kaka yake kila mwaka mpya aliwagawia majirani, akisema anayeomba radhi kwa keki ana jambo.

Novemba 2018 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa, na akafariki jana, tarehe 14 Mei 2019, saa mbili asubuhi.

Leo Rabi Pinhas, mwenye miaka themanini na mitano, alimwita Tirtza kando.

"Mwanangu, ni kweli nilijua. Babu yako ndiye aliyeuzika ule mtungi, mwaka thelathini na nane. Nilipotoka pangoni nikamweleza, akaniapisha ninyamaze, eti atamwambia baba yako yeye mwenyewe. Akashindwa. Siku ya tangazo alikaa na redio mapajani, analia kwa furaha."

"Sasa baba mkubwa, babu si alikufa mwaka themanini na moja? Mbona hukusema?"

"Jina la baba yako lilikuwa limeshakwenda. Nimnyang'anye na baba yake?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotuletea chakula, na wafanyakazi wenzake, waliomcheka na waliomtetea. Tunamwomba Rabi Pinhas asogee mbele, awe wa kwanza kutia udongo, na tunawaomba wote mumpishe njia.

Baba, ulitushuku sote isipokuwa babu, na kama ulivyoagiza, tunakulaza ubavuni mwake. Pumzika, na iwe amani kati yenu wawili.