Shangazi Nywila na Msimamizi Aliyesubiriwa

Baada ya miaka ishirini na tisa kwenye meza ya msaada, Shangazi Nywila anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Alianza kama mpiga chapa, akahamishiwa kwenye simu kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kumsikiliza mteja akilia bila kucheka. Alicheka baada ya kukata.

Siku hizo programu yetu ya kusakinisha mfumo wa kompyuta ilikuwa na ukurasa ulioamuru: “Ingiza nywila ya msimamizi.” Sarufi yake ilikuwa safi kabisa. Waliokuwa wageni wa kompyuta wakaitii amri hiyo. Karani mmoja alimwita msimamizi wake wa ghala, bwana yule akaja, akaweka nywila yake, yaani neno lake la siri, akaenda likizo ya mwezi mzima. Kompyuta nayo ikaenda likizo. Mwalimu mmoja alipiga simu akauliza kwa upole: “Dada, huyo msimamizi wenu anafika saa ngapi? Nimeshamwekea kiti.”

Shangazi alijaza madaftari mawili kwa visa hivyo, kisha akaandika maelekezo mapya: “Msimamizi wa kompyuta hii ni wewe. Tunga nywila yako sasa. Utaulizwa tena kila utakapoweka programu mpya. Ukiisahau, sisi hatuijui.” Simu zikapungua mpaka akaanza kufuma sweta kazini.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Yale maelekezo mabovu niliyaandika mimi, mkuu wa tafsiri, mwenye shahada mbili na miwani ya kutishia watu. Haya mazuri niliyapeleka kwa wakubwa kama yangu, nikapewa tuzo. Walipouliza nani aliandika yale ya zamani, nikasema ni yule wa simu. Kwa sababu hiyo alinyimwa cheo mara tatu.

Madaktari wamenipa wiki chache, kwa hiyo siwezi kungoja toleo lijalo la jarida letu. Ofisi ya utumishi inayo barua yangu yenye saini. Naomba cheti chake kisomeke “Mwandishi wa Maelekezo”, si “Mpokea Simu”, na kichapwe kabla ya Ijumaa.

Juzi nilimpigia kukiri. Akasema: “Mzee, nilijua siku ileile. Umekunywa dawa?”

Nilikuwa sijanywa.

Shangazi, asante kwa kazi yote, hata ile niliyoiita yangu. Uishi vizuri, ulale mpaka saa nne asubuhi, na usinisamehe haraka.