Nesi Aliyevaa Kizibao Chenye Jasho

Wasikilizaji wapendwa, wekeni leso pembeni kidogo. Mwanamke tunayemkumbuka saa hii hakupenda watu walie kabla hawajacheka. Alikuwa nesi. Alikuwa mwamuzi wa mpira wa pete. Alikuwa mke wa fundi majokofu na mama wa watoto watatu. Ninyi mlimwita Mama Filimbi, na hata wanawe walimwita hivyo.

Ametutoka wiki hii, akiwa usingizini, mzee aliyeshiba miaka. Jioni kabla ya kulala alikuwa amemfunga mumewe karata na kuwatangazia majirani wote.

"Miaka yote nilimwambia, wewe mwanamke, pumzika!" anasema mumewe. "Akanijibu, nitapumzika nikizikwa. Sasa na apumzike, maana mimi pia nilikuwa nimechoka kushindwa."

Filimbi ile ilining'inia shingoni mwake juu ya sare nyeupe. Kule zahanati alipangia foleni. Uwanjani aliamulia mchezo. Nyumbani je? Mdogo wake wa kike anakumbuka: "Shemeji akisinzia mezani, dada anampulizia. Shemeji anashtuka, anainua mikono juu, 'Sijacheza madhambi mimi!'"

Lakini mtu hakumbukwi kwa filimbi tu, wasikilizaji. Mama Filimbi anakumbukwa kwa Jumamosi moja, na kwa msichana mmoja mrefu aliyeitwa Twiga.

Chanjo ya HPV ilikuwa inakuja shuleni. HPV ni kirusi, na aina zake kadhaa huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Mama Filimbi alikwenda kuwaeleza wasichana, na akina mama wakaalikwa. Wasichana walikaa mbele. Mama zao walikaa nyuma, mikoba mapajani, macho makali.

"Kirusi hiki hupita mtu kwa mtu kwa kugusana ngozi," alianza, "hasa wakati wa..."

Nyuma mtu akakohoa. Wa pili akakohoa. Wa tatu, msusi mmoja mwenye saluni karibu na shule, akakohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mwalimu mkuu akatazama dari kana kwamba inavuja. Na Mama Filimbi, ambaye hakuwahi kumwogopa daktari wala diwani, akaogopa kikohozi. Akameza maneno. "Basi, ndiyo hivyo. Chanjo inakuja, mjitokeze."

Ukweli nusu ukatoka mlangoni na miguu miwili, ukakimbia mtaa mzima. Kugusana ngozi! Basi ni jasho. Basi ni kitana. Basi ni benchi.

Twiga alikuwa mfungaji wa timu ya shule. Mama yake, mshonaji, alikuwa ametibiwa saratani hiyo ikiwa bado changa, na alikuwa anapona. Mtaa ulijua. Mtaa ukapiga hesabu yake: mama anayo, mtoto anayo, na mtoto anatoa jasho.

Timu ile ilikuwa na vizibao saba tu vyenye herufi ya nafasi ya mchezaji kifuani. Wakati wa mapumziko wasichana walibadilishana nafasi, na kizibao kilihama mwili kwa mwili kikiwa kimelowa. Ndivyo walivyocheza siku zote. Ghafla, kizibao cha Twiga hakuna aliyekitaka. Alipoketi, benchi lilihama. Msusi akakataa kumsuka. Na binti wa msusi, rafiki kipenzi wa Twiga, yule aliyeitwa Kasuku kwa domo lake, akaambiwa na mama yake: "Ukimgusa yule, usirudi kwangu."

Twiga alikwenda zahanati na kizibao ndani ya mfuko.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea, pete ya goli imekuangukia?"

Hakucheka. Akatoa kizibao. Kilikuwa kimefifia rangi.

"Nimekifua kwa dawa ya madoa. Nimekifua tena. Nilitaka kuuliza, kifuliwe mara ngapi ndipo wenzangu wakivae? Kama hakifai, basi, mimi naacha mpira. Na shule pia. Nitamsaidia mama kushona."

"Nani kakwambia kirusi kinakaa kwenye kizibao?"

"Wewe, nesi. Ulisema ni kugusana ngozi."

Mumewe anasimulia: "Siku hiyo alirudi nyumbani. Hakupuliza filimbi. Nikadhani kuna msiba. Akaniambia, mume wangu, nimemfungia mtoto wa watu mlango kwa sababu ya kikohozi."

Na sasa Jumamosi hiyo, wasikilizaji wapendwa. Mechi na shule jirani. Akina mama wamejaa pembeni mwa uwanja. Twiga amekubali kucheza, lakini kwa mara ya mwisho. Anakaa wazi chini ya goli, mkono juu, na hapewi pasi. Hata moja! Mpira unazunguka, unamruka, unarudi. Timu yake inafungwa magoli kama mvua.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Mama Filimbi akatembea moja kwa moja hadi kwa Twiga. "Nipe hicho." Akakichukua kizibao kikidondosha jasho, akakivaa kichwani. Kikakwama. Kilishonwa kwa ajili ya twiga, naye alikuwa pipa. Akahangaika, mikono hewani, uso umefunikwa, sauti ikitokea ndani: "Vuteni basi, mnangoja serikali?"

Wasichana wakaangua kicheko. Kasuku akashindwa kuvumilia. Akakimbia, akavuta upande mmoja. Twiga akavuta upande wa pili. Nesi akatokeza kichwa, nywele timtim, kizibao kimemkaba kifuani.

"Sasa nisikilizeni! Siku ile niliwaachia maneno nusu. Kosa ni langu, si la huyu mtoto. Leo nasema yote, na mwenye kikohozi anywe maji. Kirusi hiki hupita kwa kugusana ngozi ya sehemu za siri, hasa wakati wa kujamiiana. Hakipiti kwa jasho. Hakipiti kwa kitana. Hakipiti kwa benchi. Saratani ya mama yake Twiga haimwambukizi mtoto wake wala wenu."

"Nesi, mbele ya watoto!" mama mmoja akapiga kelele.

"Watoto ndio watakaokutana nacho wakikua, mama. Nimwambie nani, mbuzi?"

Uwanja ukacheka. Msusi akasimama, mikono kiunoni. "Kwa hiyo walio nacho ni malaya, na hiyo chanjo ni ya kuwaruhusu mabinti zetu wawe hivyo hivyo?"

"Dada yangu, kirusi hiki hakiulizi tabia. Mke mwenye mume mmoja tangu harusi anaweza kukipata, maana mume naye ana historia yake. Wengi wanacho na hawajui, hakiumi, hakiwashi. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kikigoma kutoka kwa miaka mingi, hapo ndipo saratani huanza. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana nacho. Nani kati yenu alinunua mwavuli, ndipo mvua ikanyesha kwa sababu yake?"

Msusi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo saluni yake haijawahi kuisikia: "Na sisi wakubwa je?"

"Ninyi mnakuja kupimwa mlango wa kizazi Jumatatu. Nawe uwe wa kwanza, na usinikoholee."

Kizibao kilivuliwa kwa kazi kubwa kuliko kilivyovaliwa. Kabla Twiga hajakishika, Kasuku alikwisha kukivaa. "Mimi nafunga sasa," akasema. "Twiga, wewe cheza katikati, unilishe." Msusi alimwona binti yake. Akaketi.

Wakafungwa vibaya, wasikilizaji! Walifungwa hata baada ya mapumziko. Lakini pasi zilifika mikononi mwa Twiga, na alipoanguka, mkono wa mwenzake ulimwinua. Hakuacha mpira. Hakuacha shule. Siku ya chanjo foleni ilizunguka madarasa.

Twiga leo ni mwalimu wa michezo. Nilimuuliza alihisi nini Jumamosi ile. Akacheka. "Nilihisi nimerudishiwa mwili wangu," alisema. Mama yake mshonaji yu hai, mzee, na juzi ndiye aliyeshona sanda.

Kwa fundi, kwa watoto, kwa mdogo wa marehemu: poleni sana. Mlituazima mtu, nasi tumemtumia mpaka mwisho. Mungu awape subira, na kicheko kiwarudie mapema.

Nasi tuliobaki tutafakari. Narudia, wasikilizaji wapendwa: hakipiti kwa jasho, na chanjo ipo. Kama una binti wa kati ya miaka tisa na kumi na minne, mshike mkono mwende kituo cha afya mkaulize. Njiani atakuuliza mnakwenda kufanya nini. Mjibu. Akiuliza tena, mjibu tena, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Mama, nimeelewa, tutembee."